Usipoziba ufa wa kompyuta, mwizi ataingia

Huenda nyumbani kwako kuna kompyuta moja inayotumiwa na jamii nzima. Baba hujazia humo fomu za kodi za KRA, mama huangalia akaunti ya benki, kijana wa chuo huandikia kazi zake na mdogo wake hucheza michezo. Usiku mlango wa nyumba hufungwa kwa kufuli na komeo. Je, milango ya kompyuta hiyo ilikaguliwa lini mara ya mwisho?

Kivinjari ni ile programu, kama vile Chrome au Firefox, inayokufungulia kurasa za intaneti. Ndani yake mara nyingi hupachikwa programu nyingine ndogo. Zamani zilikuwa programu-jalizi kama Java, na Flash Player iliyoonyesha video na michezo. Siku hizi tunatumia viendelezi: kimoja huzuia matangazo, kingine husahihisha Kiingereza cha insha. Zote zimeandikwa na binadamu, na kazi ya binadamu haikosi dosari. Mhalifu akiigundua dosari, huifanya mlango wake. Mtengenezaji naye akiigundua, hutoa kiraka, na kukipokea kiraka hicho ndiko kusasisha programu.

Lakini kiraka kisichobandikwa hakizibi tundu. Tazama yaliyowapata wenye kompyuta za Apple mwaka wa 2012. Mwezi wa Februari kampuni ya Oracle ilitoa kiraka cha dosari iliyokuwa katika Java. Apple, ambayo wakati huo iliwapa wateja wake Java yenyewe, ilikitoa mapema Aprili. Katika wiki hizo saba, programu haribifu iitwayo Flashback ilipenya. Mtu alifungua tu ukurasa uliotegwa, na kompyuta yake ikaambukizwa. Zaidi ya kompyuta 600,000 ziliathiriwa, ilhali wengi walikuwa wakiamini kwamba kompyuta za aina hiyo haziugui.

Kisa hicho kina funzo la pili. Flashback ilipoonekana kwa mara ya kwanza mwaka wa 2011, ilijifanya kuwa Flash Player mpya. Mtu aliambiwa asasishe, akatii, kumbe anamkaribisha mwizi kwa mikono yake mwenyewe. Kwa hivyo, usibonyeze kamwe dirisha linalochomoza ghafla likikuhimiza usasishe. Adobe iliacha kuishughulikia Flash Player mwishoni mwa mwaka wa 2020. Leo hii, anayekuambia uisasishe ni tapeli.

Ufanye nini basi? Kwenye Chrome ya kompyuta, bonyeza nukta tatu zilizo juu upande wa kulia, nenda sehemu ya msaada, kisha ufungue ukurasa unaoeleza kuhusu Chrome. Kivinjari kitajikagua chenyewe. Kikikutaka ukifunge na kukifungua upya, fanya hivyo mara moja, kwa sababu kabla ya hapo kiraka hakijaanza kazi. Wanaoacha kurasa 20 wazi kwa majuma kadhaa hujichelewesha wenyewe.

Kisha pitia orodha ya viendelezi. Kwa kawaida hujisasisha vyenyewe, lakini usichokitumia kiondoe. Mwaka wa 2021 Google ilikiondoa The Great Suspender, kiendelezi kilichopendwa na wengi, baada ya kuuzwa kwa mmiliki mpya na kugunduliwa kuwa na programu haribifu. Kompyuta yako ikiwa ya zamani, tazama pia kama Flash Player bado imo, uing'oe. Java nayo, kama hakuna kazi inayoihitaji, iondoe.

Najua wengi huahirisha kazi hii kwa kuogopa kumaliza bando. Ngojea basi siku utakapokuwa penye Wi-Fi unayoiamini, lakini isiwe mwezi ujao. Nawe mwanafunzi unayetegemea kompyuta za saiba, huwezi kujua kama mwenyewe huzisasisha. Usifungulie humo akaunti ya benki, na usikubali kivinjari kikuhifadhie neno lako la siri.

Kazi hii huchukua dakika chache tu. Mpe kijana wa nyumbani zamu ya kuifanya kila Jumapili, nawe uhakikishe ameifanya. Ufa huzibwa ungali mdogo. Ukisubiri, utajenga ukuta.