Tiramisu ya Mtindi na Tende

Kitindamlo ninachokipenda kuliko vyote hakihitaji oveni. Ni tiramisu: biskuti zilizochovywa kwenye kahawa, zikapangwa tabaka kwa tabaka na krimu, juu zikanyunyiziwa kakao. Mkahawa wa Le Beccherie mjini Treviso, kaskazini mwa Italia, ndio ulioipatia umaarufu miaka ya 1970. Krimu yao ni viini vya mayai mabichi, sukari na mascarpone, jibini laini ambalo zaidi ya theluthi yake ni mafuta. Ni tamu, sikatai. Lakini mama yangu ameambiwa apunguze mafuta na sukari, na sioni raha ya kula kitu ambacho yeye anakitazama tu.

Kwa hiyo mascarpone na mayai naviacha, natia mtindi mzito usio na sukari. Jioni natandika kitambaa safi cha pamba juu ya chujio, namimina lita 1, nafunika, naweka kwenye friji na bakuli chini yake. Asubuhi bakuli lina maji yenye rangi ya manjano hafifu, na kwenye kitambaa imebaki krimu iliyoshikana: ukipitisha kijiko, mfereji wake unabaki wazi. Hatua hii usiiruke hata kama wageni wako njiani. Mtindi usiochujwa utashusha maji kwenye biskuti na tabaka zote zitavurugika. Maji yenyewe usiyamwage, yanafaa sana kukandia chapati.

Utamu unatoka kwenye tende. Natoa kokwa za tende 10, naziloweka kwenye maji ya moto hadi zilainike, nazisaga, kisha nachanganya na mtindi pamoja na vanila kidogo. Tende nazo zina sukari, tena nyingi, hivyo usijiachie kwa sababu tu haikutoka kwenye pakiti. Watu wa Pwani wanalijua hili tangu zamani, ndiyo maana kahawa chungu huandamana na tende: ule uchungu unakufanya uridhike na utamu kidogo.

Ndiyo sababu kahawa isiwe nyepesi wala isitiwe sukari. Arabika ya Kilimanjaro naipenda kikombeni, ila ina uchachu wake, na mtindi tayari ni mchachu. Hapa nachagua robusta ya Kagera, chungu na nzito. Napika kikombe 1 na nusu, naacha ipoe kabisa.

Biskuti za kawaida za chai zinatosha. Chovya upande mmoja, geuza, toa. Ikianza kulegea vidoleni umechelewa. Panga biskuti, paka krimu, rudia mara tatu, funika, weka kwenye friji usiku kucha, kwa maana biskuti zinahitaji muda wa kunywa unyevu wa krimu na kulainika hadi katikati. Kakao isiyo na sukari nyunyiza wakati wa kuandaa mezani; ukiinyunyiza mapema italowa na kuwa madoa meusi.

Inatosha watu 6, na kwenye friji inakaa siku mbili. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, kwa hiyo iandae mezani mchana, si usiku. Watoto watengenezee bakuli lao, biskuti ukizichovya kwenye maziwa yaliyokorogwa na kakao.