Maradhi Mawili Ndani ya Tumbo Moja

Katika mitaa ya Kahama na kwenye machimbo ya Geita, asubuhi huanza kwa chai, chapati na maandazi ya mama lishe. Ugali wa mahindi, mtama au muhogo hauna gluteni, wala michembe haina, ngano inayo. Kwa mtoto mwenye ugonjwa wa seliaki, gluteni huchochea kinga ya mwili ishambulie utumbo mwembamba. Akiacha ngano kabisa, kwa kawaida hupata nafuu.

Wapo wasiopata nafuu. Mwenye seliaki ana uwezekano mkubwa kuliko wengine wa kupata pia uvimbe sugu wa matumbo, yaani ugonjwa wa Crohn au kolaitisi ya vidonda. Kuhara, upungufu wa damu, kukonda na kuchelewa kukua huweza kutokana na lolote kati ya hayo. Damu kwenye choo na vidonda karibu na njia ya haja kubwa huelekeza zaidi kwenye uvimbe huo.

Kanda ya Ziwa ina mtego wa ziada. Kichocho cha matumbo nacho huleta damu kwenye choo. Kifua kikuu, kinachowaandama wachimbaji wanaovuta vumbi la mawe, huweza kukaa kwenye utumbo na kufanana mno na Crohn. Kosa hapa ni la hatari: steroidi zinazotuliza Crohn huipa nguvu kifua kikuu.

Kwa hiyo choo kipimwe kwanza kutafuta mayai ya kichocho, amiba na giadia. Kifua kikuu na VVU vichunguzwe. Kisha damu ipimwe kingamwili za seliaki pamoja na kiwango cha jumla cha IgA, kwa kuwa mwenye upungufu wa IgA huweza kuonekana hana ugonjwa ilhali anao. Hatimaye apewe rufaa, kama vile Bugando, Mwanza, ili utumbo utazamwe kwa kamera, juu na chini, na vipande vidogo vichukuliwe kwa uchunguzi wa maabara.

Mzazi asimwachishe mtoto ngano kabla ya vipimo, kwani utumbo ukianza kupona ushahidi hufifia. Naye mtoa huduma, akiona mtoto anayeshika mlo bado anakonda, asiharakishe kumlaumu mama. Alifungue jalada upya.