Kilemba cha Kukhu

Mtu akiingia katika saiba moja karibu na soko la Shinyalu kuchapisha programu ya mazishi, mwenye duka hudai kwanza kitambulisho cha marehemu. Hukipiga skani pande zote mbili, ndipo atoe pole na kuuliza habari za matanga. Ana haraka yake. Familia ikienda kutafuta kibali cha mazishi, kadi ile husalimishwa kwa serikali na hairudi.

Kwa kijana aliyejaza simu picha, si hasara. Kwa kukhu, yaani nyanya, aliyezeeka kabla ya simu, ni sura yake yote. Wakoloni waliwavisha wanaume shingoni kipande, yaani cheti cha usajili, alama za vidole zikiwatosha; wanawake waliingizwa katika usajili baada ya sheria kurekebishwa mwaka 1978. Kina mama wengi wa huku Isukha, anasema mwenye duka, walipigwa picha moja tu maishani, na aliyewapiga ni karani wa vitambulisho.

Picha yenyewe ni ndogo kuliko kidole gumba. Akiikuza, anakutana na michirizi ya kadi iliyokatiza shavuni, naye huiondoa mmoja mmoja, chai ikipoa kando ya kibodi. Kisha huja shida kubwa zaidi: kukhu yuko kichwa wazi. Kwa karani alivuliwa kilemba, na wajukuu ambao hawakuwahi kuziona nywele zake husema huyu siye. Basi fundi humfunga kilemba kwa kompyuta, akiuliza rangi, akiuliza fundo lilikaa upande gani. Mabinti hubishana hapo dukani. Akiombwa amwongezee tabasamu hukataa; hilo, anasema, ni kumsingizia marehemu.

Wasifu huupiga chapa yeye mwenyewe: ukoo, misheni ya Mukumu, baba aliyechimba dhahabu katika mgodi wa Rosterman. Mwaka wa kuzaliwa ulio kwenye kadi mara nyingi haupatani na ule wa familia, inayohesabu kuanzia kuja kwa dhahabu, yaani 1931. Huandika wa familia.

Isukuti, ngoma inayowasindikiza wazee hawa, iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Picha nazo zina mfano: kwa jirani zetu Waluo, zile alizopiga mwanaanthropolojia Evans-Pritchard mwaka 1936 zilirudi kutoka Oxford mwaka 2007 kwa maonyesho. Za huku nani atazirudisha, wakati zilizosalia ziko ndani ya kompyuta moja kuukuu inayozimika stima ikipotea?

Amezipanga kwa kijiji na ukoo. Nilipomuuliza ile ya kichwa wazi huihifadhi wapi, alinitazama kwa mshangao. Huifuta. Mabinti hawaondoki dukani mpaka waone imefutwa.