Mashine Iliyopanga Vipande

Kompyuta ni mashine. Haioni njaa wala haichoki. Lakini watu wameifundisha kutatua matatizo. Hebu tuone mfano mmoja.

Kati ya mwaka 1968 na 1970, kijana aitwaye Terry Winograd alikuwa mwanafunzi katika chuo cha MIT, Marekani. Aliitengenezea kompyuta meza. Meza hiyo haikuwa ya mbao. Ilikuwa picha tu kwenye kioo, kama kioo cha televisheni. Mezani palikuwa na vipande vya rangi mbalimbali, sanduku, na mkono wa kushikia. Vyote vilikuwa picha. Kazi hiyo aliiita SHRDLU. Usihangaike kulitamka jina hilo! Ni herufi tu zilizofuatana kwenye mashine ya zamani ya kupangia maneno ya magazeti.

Mtu aliandika amri kwa Kiingereza cha kawaida: shika kipande kikubwa chekundu. Juu ya hicho chekundu palikuwa na kipande kidogo cha kijani. Mashine haikuvuta ovyo. Kwanza ilitafuta mahali wazi. Ikaondoa cha kijani, ikakiweka hapo. Ndipo ikashika chekundu. Ukiiuliza kwa nini imeondoa cha kijani, ilikuwa na jibu. Mama anayetaka sufuria ya chini hufanya vivyo hivyo.

Watu wengi walishangaa. Nilipowasomea wanakisomo habari hii, mzee mmoja aliuliza, "Je, ukiiambia ilete jembe?" Swali zuri sana! Isingeweza. Jembe halikuwamo mezani. Katika picha ile hapakuwa na upepo wala utelezi. Mashine ilijua meza yake tu. Mwaka 1986 Winograd mwenyewe, pamoja na Fernando Flores, alitoa kitabu kinachoeleza mipaka ya mashine za namna hiyo.

Mwaka 2019 wataalamu wa Zürich, Uswisi, walieleza habari za mashine yao yenye miguu minne kama mbuzi. Inaitwa ANYmal. Mashine hiyo ni ghali, na ikianguka yaweza kuvunjika. Kwa hiyo ilijifunza kwanza ndani ya kompyuta, katika picha. Huko ilianguka mara nyingi bila hasara. Lakini kabla ya hapo wataalamu walipima jinsi mota za miguu yake zinavyofanya kazi kweli. Vipimo hivyo wakaviingiza katika kompyuta. Picha isiyofanana na mota halisi ingeifundisha uongo. Kisha mashine yenyewe ililazwa chali sakafuni. Ikajigeuza, ikasimama.