Kiambishi Awali Mbele ya Mashine: Upimaji wa Ngeli katika Ujifunzaji Mtandaoni Unaojirekebisha

Makala haya yanafafanua namna mifumo ya ujifunzaji mtandaoni inayojirekebisha kwa kila mwanafunzi inavyofikia hukumu yake, na kwa nini hukumu hiyo huweza kupotoka pale kinachopimwa kinapokuwa sarufi ya Kiswahili.

Mfumo wa aina hii hauoni ujuzi wa mwanafunzi. Huona jibu, kisha hukisia. Katika miaka ya 1990, Albert Corbett na John Anderson wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, waliujenga ukisiaji huo juu ya vigezo vinne: uwezekano kwamba mwanafunzi alijua tangu awali, kwamba amejifunza, kwamba amebahatisha, na kwamba ameteleza ilhali anajua. Tuseme, kwa mfano tu, kujua awali ni 0.50, kubahatisha 0.20 na kuteleza 0.10. Jibu moja likihesabiwa kosa, makisio ya ujuzi hushuka papo hapo hadi takribani 0.11.

Tumchukue sasa mwanafunzi anayeishi Nyasubi, mjini Kahama, aliyelelewa kwa Kisukuma, lugha isiyo na kikwamizo /ð/. Anaonyeshwa picha ya madini na kutakiwa kuyaeleza kwa kionyeshi cha karibu na kitenzi ‘chimba’ katika kauli ya kutendwa, hali timilifu. Anaandika: “Zahabu hii imechimbwa.” Upatanisho wa kisarufi ni kamili, kilichokosewa ni tahajia. Hata hivyo, mashine inayolinganisha herufi kwa herufi humrudisha kwenye somo la ngeli alilokwisha kulimudu, naye hulipia bando jingine kulirudia.

Moodle, ambayo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania hukitumia kufundishia, haikisii kwa vigezo hivyo vinne. Tangu toleo la 2.0 la mwaka 2010, humwezesha mhadhiri kufungua au kufunga shughuli kwa kutegemea alama. Katika swali la jibu fupi, mhadhiri huweza pia kuweka majibu kadhaa yanayokubalika, na kutumia kinyota kuwakilisha mfuatano wowote wa herufi. Hapo ndipo mwanaisimu anapaswa kuwa macho. Kwa lugha inayobeba maana zake za kisarufi mwishoni mwa neno, kinyota cha mwanzoni hakina madhara makubwa. Kiswahili hubeba upatanisho mwanzoni. Mhadhiri akiandika *imechimbwa*, mashine itapokea pia “kimechimbwa”, “limechimbwa”, “vimechimbwa” na “zimechimbwa”, kwa kuwa yote yana mfuatano huo ndani yake. Kinyota kimemeza kiambishi ambacho swali lilitungwa kukipima! (Nakiri kwamba nami nimewahi kutunga maswali ya namna hiyo na kufurahia alama za darasa.)

Umbo *ahabu hii imechimbwa* hukwepa hatari zote mbili: nafasi iliyo kabla ya kitenzi hukilinda kiambishi, na mwanzo wa nomino huachwa wazi. Jibu lenye “dhahabu” liwekwe juu ya umbo hilo katika orodha, kwani Moodle hutumia jibu la kwanza linalolingana. Yote mawili yapewe alama kamili ya ngeli; la pili liambatane na mrejesho kuhusu tahajia. Zoezi la /ð/ na /z/ lisimame peke yake, na alama yake isiwe sharti la kufungua somo linalofuata la upatanisho.