Kabla ya Kupokea Malipo Mtandaoni, Fungua Akaunti ya Majaribio

Siku hizi nikitembelea mashamba ya vijana, siulizwi tu kuhusu viwavi jeshi na kipimo cha mbolea. Naulizwa hivi: "Afisa, nimetengenezewa tovuti ya kuuzia mazao yangu. Nifanyeje mteja alipe kwa M-Pesa papo hapo, bila mimi kushinda nikikodolea simu macho nikingoja SMS?"

Swali zuri kabisa. Jibu langu ni lile lile ninalotoa kuhusu mbegu: jaribu kwanza mahali ambapo hasara haikuumi.

Jaribio la uotaji mnalijua. Unahesabu mbegu 100, unazifunga kwenye kitambaa chenye unyevu, na baada ya siku kadhaa unahesabu zilizoota. Zikiota 60 pekee, umejua kabla hujalima ekari nzima. Akaunti ya majaribio ya malipo ni kitambaa hicho hicho. Inafanya kazi kama akaunti ya kweli ya mfanyabiashara, ila duka lako bado halijafunguliwa.

Nitatumia mfano wa Daraja, mfumo ambao Safaricom iliufungua mwaka wa 2017 ili programu za wafanyabiashara ziongee moja kwa moja na M-Pesa. Hata kama kazi ya kuandika programu umempa fundi, soma hadi mwisho. Fundi atalipwa aende zake, pesa na wateja ni wako.

1. Jisajili mwenyewe

Ingia developer.safaricom.co.ke ujisajili kwa barua pepe. Kujisajili ni bure, na kwa hatua hii huhitaji kuwa na Paybill wala Till.

Nasisitiza "mwenyewe" kwa sababu kuna kikundi ambacho fundi wao alifungua akaunti kwa barua pepe yake. Akapata kazi mjini, simu ikawa haishikwi, na funguo zote za duka zikabaki kwake. Tumieni barua pepe ya biashara, na angalau viongozi wawili wajue nywila. Si huwezi kumwachia kibarua wa msimu ufunguo wa pekee wa stoo?

2. Pata funguo zako

Ukishaingia, unda programu mpya katika sehemu ya majaribio, uchague huduma ya M-Pesa Express. Hii ndiyo inayomtokezea mteja kile kidirisha cha kuweka PIN kwenye simu, wengi tunakiita STK. Utapewa maandishi mawili marefu: Consumer Key na Consumer Secret. La kwanza ni kama namba ya kitambulisho, la pili ni kama PIN. Usiliweke kwenye grupu la WhatsApp, wala usimruhusu fundi aliandike ndani ya ukurasa ambao mteja anaufungua. Likae kwenye seva.

Programu yako inatumia funguo hizo kuomba tokeni, ambayo hudumu sekunde 3,600, yaani saa moja. Ikiisha, lazima iombe nyingine. Kwa hivyo duka likifanya kazi asubuhi halafu ligome baada ya saa moja, anzeni kuangalia hapo.

3. Tuma ombi la kwanza

Katika majaribio unapewa namba ya biashara ya kuazima, 174379, pamoja na passkey yake. Programu inaunganisha vitu vitatu: namba hiyo, passkey, na muda wa sasa wenye tarakimu 14 (mwaka, mwezi, siku, saa, dakika, sekunde). Kisha inavigeuza kwa Base64 ili kupata nywila ya ombi. Muda uliomo kwenye nywila na ule unaotumwa kando lazima ulingane. Ukitofautiana hata sekunde moja, ombi linakataliwa.

Namba ya simu ya mteja huandikwa kwa tarakimu 12 kuanzia 254, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mbele. Wateja wetu wamezoea 07, basi fundi aipange programu ibadilishe yenyewe. Kiasi weka shilingi 1, maana kidirisha kinaweza kutokea kwenye simu halisi.

4. Mpe M-Pesa mahali pa kurudisha jibu

Hapa ndipo wengi hukwama. Mteja akishaweka PIN, M-Pesa hutuma jibu kwenye anwani uliyoitaja. Anwani hiyo lazima ifikike kutoka intaneti na ianze na https. Kompyuta iliyo mezani kwako haifikiki hivi hivi, ndiyo maana mafundi wengi hutumia ngrok kuifungulia njia wakati wa majaribio.

Shika jambo hili kuliko yote: majibu ni mawili. La kwanza linakuja mara moja, lenye ResponseCode 0. Maana yake ni kwamba ombi limepokelewa, hakuna aliyelipa bado. La pili linakuja baadaye kwenye anwani yako likiwa na ResultCode. Hilo ndilo la pesa.

Kikundi kimoja ninachokihudumia kinauza vifaranga wa siku moja. Tulipojaribu mfumo wao, niliagiza vifaranga 200, kidirisha kikatokea, nikakibonyeza kukikataa. Ukurasa ukaandika: "Asante, malipo yamepokelewa. Vifaranga wako njiani." Programu ilikuwa imeridhika na jibu la kwanza! Kwa shilingi 100 kila kifaranga, hiyo ingekuwa elfu 20 imepakiwa kwenye boksi na kutumwa kwa mtu ambaye hajalipa hata ndururu. Kifaranga hakingoji kesi iamuliwe: akishatoka kwenye kianguzi ana siku mbili, tatu hivi za kuishi kwa kiini alichozaliwa nacho. Fundi alirekebisha jioni hiyo hiyo, na hasara ilikuwa sufuri.

5. Jaribu kuliharibu

Malipo yanayokwenda vizuri hayakufundishi sana. Fanya makusudi kila kosa ambalo mteja atalifanya, na uandike daftarini mfumo wako umesema nini:

- Lipa vizuri. ResultCode iwe 0, na namba ya risiti ya M-Pesa ihifadhiwe pamoja na oda.
- Kataa kidirisha. Utapata 1032. Oda ibaki "haijalipwa".
- Zima simu au kipuuze kidirisha. Mara nyingi utapata 1037. Mteja apewe nafasi ya kujaribu tena.
- Weka PIN isiyo sahihi. Utapata 2001.
- Zima anwani yako ya majibu, kisha lipa. Jibu halitafika, kwa hivyo programu iwe na uwezo wa kuiuliza M-Pesa hali ya malipo yenyewe.
- Leta jibu lile lile mara mbili. Oda moja isigeuke kuwa oda mbili.

Pia hakikisha mfumo unalinganisha kiasi kilicholipwa na bei ya oda kabla ya kuandika "imelipwa". Na mhudumu wa stoo asitoe mzigo kwa kuonyeshwa SMS kwenye simu ya mteja. SMS inaweza kuandikwa na yeyote. Atoe kwa risiti iliyo kwenye mfumo wenu.

6. Hamia kwenye akaunti ya kweli

Daftari likikubali mistari yote, sasa omba kwenda hewani. Hapa utahitaji Paybill au Till iliyosajiliwa kwa jina la biashara au kikundi chenu, pamoja na msimamizi wake anayetambuliwa na M-Pesa. Mtapata funguo mpya na passkey mpya, kwani zile za majaribio hazifanyi kazi huko. Anwani ya maombi nayo inabadilika kutoka sandbox.safaricom.co.ke kuwa api.safaricom.co.ke. Ukisahau moja kati ya hizo, duka halitapokea kitu.

Siku ya kwanza usitangaze. Nunua wewe mwenyewe bidhaa ya bei ndogo, umwombe na mwenzako anunue, halafu mlinganishe taarifa ya M-Pesa na orodha ya oda. Zikilingana kwa siku tatu mfululizo, waite wateja.

Kazi ya wiki hii ni moja: jisajili, pata funguo, utume ombi la shilingi 1. Kisha likatae, uone duka lako litasema nini.