Mfuko wa Vyombo vya Baiskeli: Kipi Kichukuliwe, Kipi Kiachwe

Wanachama wengi wangali wakitegemea baiskeli katika kazi zao. Kwa baiskeli mtu huenda kondeni alfajiri, kwa baiskeli hurudisha karafuu mbichi nyumbani kuja kuanikwa, na kwa baiskeli hupeleka gunia la karafuu kavu kituoni kwenda kupimwa. Juu ya hayo, baiskeli hiyo hiyo ndiyo impelekayo mgonjwa hospitali na mtoto skuli. Basi inapoharibika njiani, hasara yake haiwi ndogo.

Katika jambo hili watu wamegawanyika mafungu mawili. Wako wasiochukua chombo chochote, wakitumaini kwamba atapita mtu mwenye pampu. Na wako wachukuao kila chuma walicho nacho, hata mfuko ukawa mzigo wa pili, na siku ya haja spana iliyokuwa ikitakiwa haimo. Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua, ili mfuko uwe mwepesi na kila kilichomo kiwe na kazi yake.

UMBALI NDIO MIZANI

Kanuni ya kwanza ni hii: kabla ya kutazama vyombo, hesabu mwendo wa kwenda kwa miguu mpaka kwa fundi aliye karibu. Anayesukuma baiskeli yenye mzigo, njia ikiwa ya vilima, hupata taabu kwenda zaidi ya kilomita 4 kwa saa. Ikiwa fundi yuko kilomita 2, umepoteza nusu saa. Ikiwa yuko kilomita 20, umepoteza saa 5, na jua limekuchwa. Kuziba pancha kwa mtu aliyejizoeza hakuzidi nusu saa. Kwa hiyo yafaa umbali uamue ukubwa wa mfuko.

Ili jambo hili lionekane wazi, natutazame safari mbili zisizofanana. Ya kwanza ni ya hapa petu, kutoka Chake Chake kwenda Wete, ambayo ni kilomita 30 hivi. Njia hupita katika vijiji, na ni nadra mtu kwenda mwendo mrefu pasipo kuona duka wala nyumba za watu.

Ya pili iko upande mwingine wa Tanzania, Murusagamba, katika Wilaya ya Ngara, Mkoa wa Kagera. Ngara ni wilaya inayopakana na Rwanda na Burundi, na jirani yake upande wa mashariki ni Biharamulo. Ni nchi ya vilima na mabonde, yenye migomba, maharage na kahawa. Barabara kuu ya lami hutoka Lusahunga, katika Biharamulo, ikaelekea mpaka wa Rwanda penye maporomoko ya Rusumo. Lakini mtu akiiacha lami na kushika njia za udongo za kwenda vijijini, huwa amejitegemea mwenyewe. Wakati wa kiangazi njia ni vumbi na kokoto. Wakati wa mvua ni matope. Na baiskeli huko haiendi mikono mitupu: hupakiwa mikungu ya ndizi, gunia la maharage, au abiria.

Tumeichagua Murusagamba kwa sababu mfuko unaotosha safari ya huko unatosha safari yoyote ya kisiwa hiki. Mwanachama akijua kinachotakiwa huko na kwa nini kinatakiwa, ataweza mwenyewe kupunguza kwa kadiri ya njia yake.

PANCHA

Katika mambo yamsimamishayo mwenye baiskeli, pancha ndiyo ya kwanza. Kwa hiyo vyombo vya pancha ndivyo vya kuingia mfukoni kabla ya vingine vyote, hata kwa safari fupi: pampu, vyuma viwili au vitatu vya kubandulia tairi, viraka, gundi, na kipande cha msasa.

Hapa pana mambo ya kuangaliwa. Pampu sharti iafikiane na valvu. Baiskeli nyingi za kizamani zina valvu yenye kijimpira chembamba ndani, na baiskeli nyingi za siku hizi zina valvu kama ya gari. Pampu ya moja haishiki katika nyingine. Ikiwa yako ni ya namna ya kwanza, chukua kijimpira cha akiba, kwani kikichanika mpira wa ndani hautashika upepo ijapokuwa hauna tundu, nawe utapoteza saa nzima ukitafuta pancha isiyokuwako.

Gundi ikisha kufunguliwa hukauka ndani ya kichupa chake. Wengi hugundua jambo hili wakiwa wamekaa chini kando ya njia. Afadhali kichupa kidogo kisichofunguliwa kuliko kikubwa kilichotumika nusu. Na wakati wa kuziba, kwanza paruza mpira kwa msasa, paka gundi, kisha ngoja mpaka ikauke kiasi cha kutoshika kidole. Ndipo ubandike kiraka. Mwenye haraka abandikaye gundi ikiwa mbichi, kiraka chake hubanduka kabla hajafika bondeni.

Kabla ya kurudisha mpira wa ndani, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi. Mwiba au kipande cha chupa kilichotoboa mara ya kwanza aghalabu huwa kingali mumo, na kitatoboa tena.

Kwa safari ya mbali ongeza mpira wa ndani mzima wa akiba. Utazame ukubwa ulioandikwa ubavuni mwa tairi: baiskeli kubwa za kizamani nyingi ni 28 kwa 1½, na nyingi za mtindo mpya ni 26. Ongeza pia kipande cha tairi kuukuu, urefu wa kidole, kilichopunguzwa unene kwa kisu. Tairi likipasuka ubavuni, kipande hicho huwekwa ndani, kati ya tairi na mpira, ili mpira usitokeze nje ukapasuka. Kiraka cha kawaida hakiwezi kazi hiyo.

SPANA

Usichukue spana yoyote ambayo hujaijaribu katika baiskeli yako. Baiskeli za kale za Kiingereza zilifungwa nati za kipimo cha inchi. Za Kichina na nyingi za siku hizi ni za milimita. Spana inayokaribia kuenea lakini haienei hula pembe za nati, na nati ikisha kuwa mviringo haifunguki hata kwa fundi.

Njia iliyo bora ni kukaa na baiskeli yako nyumbani, ukaihesabu nati moja moja: za gurudumu la nyuma, za gurudumu la mbele, ya kiti, za breki, na za keria. Andika ni spana gani inayoenea kila moja. Utaona kwamba spana mbili au tatu zinatosha. Hizo ndizo za kuchukua. Spana ya kubana na kulegeza yafaa kuwa ya akiba, lakini ile iliyolegea meno ni adui wa nati.

Bisibisi moja na koleo ndogo vinatosha kwa yaliyobaki. Koleo hushika waya, huvuta mwiba, na hunyosha chuma kilichopinda.

CHENI

Cheni ikikatika katika njia ya vilima, hakuna pedeli. Baiskeli nyingi za mzigo zina kiungo kimoja cha kufungulia cheni, kilichoshikwa na kibanio kidogo. Kibanio hicho kikiruka, cheni hufunguka. Kiungo kimoja cha akiba na kibanio chake ni vidogo kuliko punje ya njugu, lakini mtu asiye navyo atasukuma baiskeli mpaka mwisho wa safari. Ukikifunga, upande wa kibanio uliozibika uelekee kule cheni inakokwenda, na upande ulio wazi ubaki nyuma. Ukikosea, kitu chochote kitakachogusa chaweza kukivua.

Kichupa cha mafuta ya cherehani, kilichofungwa barabara na kuviringishwa kitambaa, hutosha kuilainisha cheni baada ya matope. Kitambaa chenyewe ni cha kufutia mikono na kufutia rimu.

SPOKI NA BREKI

Mambo haya mawili huonekana madogo kwenye njia tambarare, lakini kwa mwenye mzigo milimani ni makubwa.

Uzito wa keria wote hulikalia gurudumu la nyuma, na ndiyo maana baiskeli nyingi za Kiingereza za kizamani zilitiwa spoki 40 nyuma na 32 mbele. Spoki moja ikikatika, za jirani hubeba sehemu yake, nazo zitafuata moja moja usipopunguza mzigo. Chukua ufunguo wa spoki na spoki mbili za urefu ulio sawa, uzifunge kwa waya ubavuni mwa pampu. Spoki iliyokatika uitoe, au uisokote kwenye jirani yake ili isipige fremu. Kisha kaza na legeza kidogo za upande wa pili mpaka gurudumu liache kugusa breki.

Ama breki, hilo ni jambo la roho. Katika mteremko mrefu, na mikungu nyuma, raba za breki zilizokwisha huacha chuma kwenye chuma. Rimu ya chuma ikilowa mvua hushika vibaya hata raba zikiwa mpya. Anayekwenda njia kama za Ngara achukue raba mbili za akiba na spana ya nati zake, na azitazame raba juu ya kilima, kabla ya kushuka. Akiona hazifai wala hana za akiba, na ateremke kwa miguu.

MPIRA WA KUFUNGIA

Kata mpira wa ndani uliochakaa uwe mikanda mirefu. Hakuna kitu chenye kazi nyingi kama hiki: hufunga mzigo, hushika keria iliyovunjika, hushikilia pampu, na huzuia bati la tope lisipige kelele. Kwa dharura, tairi lisilozibika hujazwa majani makavu, kama ya mgomba, yaliyoshindiliwa sana, likafungwa kwa mikanda hiyo. Baiskeli itakwenda polepole na bila mzigo, lakini rimu itasalimika.

VYA KUACHA NYUMBANI

Nyundo, spana za kufungulia ekseli ya pedeli, gololi za akiba na kopo la grisi ni vitu vya karakana. Kazi zake hazifanyiki vizuri mchangani, ambako gololi moja ikianguka haionekani tena. Kazi hizo zifanywe nyumbani kabla ya msimu. Mkono wa pedeli unaocheza, kwa mfano, hutoa habari siku nyingi kabla ya kutoka. Mwenye kuukaza mapema hahitaji kubeba nyundo.

MIFUKO MIWILI

Basi kwa safari za kawaida za hapa kisiwani mfuko uwe na: pampu, vyuma vya kubandulia tairi, viraka na gundi na msasa, kijimpira cha valvu, spana mbili zilizojaribiwa, kiungo cha cheni, na mkanda wa mpira. Vitu hivi huingia katika kifuko cha turubali chini ya kiti.

Kwa safari kama ya Murusagamba ongeza: mpira wa ndani mzima, kipande cha tairi, koleo na bisibisi, ufunguo na spoki mbili, raba za breki, kichupa cha mafuta na kitambaa. Ukiongeza, ongeza kwa sababu ya umbali na mzigo, wala si kwa sababu kitu kilikuwa dukani.

Mwanachama asidharau mfuko wa kwanza kwa kuwa mafundi wako karibu. Katika msimu wa uchumaji, karafuu mbichi zilizoshindiliwa ndani ya gunia hupata moto na kuanza kuchachuka. Zikilala humo, hukauka zikiwa zimesinyaa na kupauka, na hiyo si daraja ya kwanza. Pancha ya saa kumi na moja jioni, fundi akiwa amekwisha funga, yaweza kuharibu kazi ya wachumaji wa siku nzima, nao ujira wao ni palepale.

MAJARIBIO

Mwisho, mfuko haujawa mfuko mpaka uwe umejaribiwa. Siku moja isiyo ya kazi, toa upepo katika gurudumu la nyuma, livue, bandua tairi, kisha lirudishe lote ukitumia vilivyomo mfukoni tu, bila ya kwenda ndani kutafuta kitu. Kitakachokosekana siku hiyo ndicho ambacho kingekosekana njiani. Kisichotumika wala kisicho na kazi unayoweza kuitaja, kitoe. Mfundishe na kijana anayeitumia baiskeli hiyo, kwani mara nyingi yeye ndiye atakayekuwa njiani.

Wazee walisema, chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Baiskeli nayo ni chombo, na nyenzo zake huingia katika kifuko kimoja.